Yesu Alijua Nini?

Aliyewahi kusimama kwenye mhadhara wa dini pale Kariakoo, Mombasa au Kampala anaijua Marko 13:32 hata kama si Mkristo. Mhubiri wa Kiislamu humwomba Mkristo mmoja aisome kutoka kwenye Biblia yake mwenyewe, kwa sauti, mbele za watu. Yesu anasema kwamba siku na saa ya mwisho haijui yeyote: malaika hawaijui, naye Mwana haijui, anayeijua ni Baba tu. Swali linafuata papo hapo: Mungu gani huyu asiyejua? Mkristo aliyejiandaa hujibu kwamba hapo Yesu alinena kama mwanadamu, kisha mjadala unahamia aya nyingine, kila upande ukiamini umeshinda.

Jibu la Mkristo huyo lina umri wa zaidi ya miaka 1,600. Athanasi wa Aleksandria alilitumia dhidi ya Waario, waliokana kwamba Mwana ni sawa na Baba, ambao nao waliishika aya hiyohiyo kwa nguvu. Lakini halikuwatuliza hata waliolitoa. Katika Mathayo 24:36, penye maneno karibu yaleyale, wanakili wengi wa zamani waliruka sehemu inayomtaja Mwana, na hati nyingi za mkono zimetufikia bila maneno hayo. Karne ya 6 shemasi mmoja wa Aleksandria, Themistio, alisema wazi kwamba Kristo katika ubinadamu wake yapo mambo asiyoyajua. Yeye na wafuasi wake wakahesabiwa wazushi. Karne ya 13 Thoma wa Akwino akaufunga mlango kabisa: Yesu alimwona Mungu uso kwa uso tangu kutungwa mimba, na hakuna binadamu aliyemfundisha lolote. Yule kijana wa miaka 12 aliyekaa hekaluni akiwauliza walimu maswali, kwa mujibu wa Thoma, aliuliza ili awafundishe wao.

Yote yaliyomfuata Athanasi yalikaa chini ya kivuli cha Kalkedonia. Mtaguso huo wa mwaka 451 ulikiri Nafsi moja yenye asili mbili, ya Mungu na ya mwanadamu, zisizochanganyika, zisizogeuka, zisizogawanyika, zisizotengana. Ni maneno manne ya kukanusha, yanayokataza mengi na kueleza machache, na pengine ndiyo maana yamedumu. Lakini kwa zaidi ya miaka 1,000 ubinadamu uliokiriwa pale haukupewa kazi kubwa. Yesu alikula, akalala, akaumia, akafa. Kujifunza kusoma, kubahatisha, kutojua kesho italeta nini: hapo waumini na walimu wao walisita. Karl Rahner, Mjesuiti wa Kijerumani, alilalamika mwaka 1954 kwamba Wakristo wengi huikiri Kalkedonia kwa midomo tu, na ukiwachimba unakuta wanaamini Mungu aliyejivika sura ya mtu kwa muda.

Wengi husimulia teolojia ya kisasa kama hadithi ya wasomi wa Ulaya kumvua Yesu umungu wake kidogokidogo. Wapo waliofanya hivyo, na nitawataja. Lakini badiliko kubwa zaidi, lililowagusa hata walioshika kila neno la Kalkedonia, ni kwamba ubinadamu wa Yesu ulianza kuchukuliwa kwa uzito. Likaja na hatari yake: Yesu akishakuwa mtu kweli, kila mmoja hutaka kumfanya mtu wa kwao.

Walioanza hawakuwa wakilitakia kanisa mema. Hermann Samuel Reimarus, mwalimu wa lugha za mashariki mjini Hamburg, aliandika kwa siri kwamba Yesu alitangaza ufalme wa kisiasa, akashindwa, na wanafunzi wake wakabuni ufufuko. Alifariki mwaka 1768 bila kuthubutu kuchapisha. Mwandishi Lessing ndiye aliyetoa vipande vya maandishi hayo kuanzia 1774, jina la mwandishi likiwa limefichwa. Mwaka 1835 David Friedrich Strauss, akiwa na miaka 27, alichapisha maisha ya Yesu ambamo miujiza ilisomwa kama visasili, masimulizi ambayo imani ya jumuiya ya kwanza iliyafuma kutokana na Agano la Kale. Akapoteza kazi Tübingen. Serikali ya Zürich ilipomteua kuwa profesa mwaka 1839, makelele ya waumini yalikuwa makubwa hata akalipwa pensheni kabla hajafundisha kipindi kimoja. Haikusaidia. Septemba ya mwaka huo watu wa mashambani waliandamana hadi mjini, damu ikamwagika, serikali ikaanguka. Si mara nyingi somo la Kristolojia, yaani la Kristo ni nani, hupindua dola.

Baada ya Strauss vitabu vya maisha ya Yesu vilimiminika. Kile cha Ernest Renan, cha mwaka 1863, kilisomwa Ufaransa nzima. Adolf von Harnack, kwenye mihadhara yake ya Berlin ya mwaka 1899 na 1900, alimpunguza Yesu akabaki mwalimu wa ubaba wa Mungu na thamani isiyo na kikomo ya roho ya mtu. Albert Schweitzer aliisoma maktaba hiyo yote na mwaka 1906 akaipiga muhuri wa kufungwa: kila mwandishi alikuwa amejichora mwenyewe. Yesu wa Schweitzer hakufanana na profesa yeyote wa Berlin. Alikuwa nabii wa Kiyahudi aliyengoja mwisho wa dunia wakati wowote. Katika Mathayo 10:23 aliwaambia wanafunzi kwamba hawataimaliza miji ya Israeli kabla Mwana wa Adamu hajaja. Wakaenda, wakarudi, na mwisho haukuja. Ndipo akaelekea Yerusalemu ili mateso yake mwenyewe yaulete ufalme kwa nguvu. Hapa tumeshapita Marko 13:32 kwa mbali. Asiyejua saa ana udhuru. Yesu wa Schweitzer aliitaja saa, akakosea. Ajabu ni kwamba aliyeandika hayo alisomea udaktari, na mwaka 1913 akahamia Lambaréné, Gabon, kwa sababu alijiona ameitwa na Yesu huyohuyo.

Uingereza mlango uliofunguka ulikuwa mwingine, na ulifunguliwa na waumini wa kanisani kabisa. Yesu aliitaja Zaburi ya 110 kama maneno ya Daudi. Wachunguzi wa Agano la Kale walikuwa wakisema hakuiandika Daudi. Nani aaminiwe? Charles Gore, mkuu wa Pusey House pale Oxford, alijibu mwaka 1889 kwamba Mwana wa Mungu, kama isemavyo Wafilipi 2, alijifanya hana utukufu, na sehemu ya kujinyima huko ilikuwa kuishi na elimu ya watu wa wakati wake. Wazee wa Kianglikana walihuzunika sana. Wakosoaji wengine waliuliza swali lililo gumu zaidi: Neno la Mungu lilipokuwa mtoto mchanga asiyejua kitu, nani aliyekuwa akiushikilia ulimwengu?

Jibu ninaloliona bora kuliko yote ya kizazi kile lilitoka Zanzibar. Frank Weston alifika huko mwaka 1898 akiwa mmisionari wa UMCA, shirika la misheni la Kianglikana, akawa mkuu wa chuo cha Kiungani, na mwaka 1908 akawekwa kuwa Askofu wa Zanzibar. Mwaka mmoja kabla ya uaskofu alitoa kitabu kizito juu ya Kristo mmoja na namna alivyotwaa mwili. Kwa Weston, Mwana hakuacha chochote cha umungu wake, alijizuia. Katika kila jambo alilolitenda akiwa mtu, alijifunga aishi ndani ya mipaka ya roho ya kibinadamu, akijua kile tu ambacho roho hiyo iliweza kukibeba. Katika uhusiano wake wa milele na Baba na viumbe vyote, hakupungukiwa na kitu. Inawezekanaje Nafsi moja kuishi namna mbili kwa wakati mmoja? Weston hakulimaliza swali hilo, na sidhani yupo aliyelimaliza. Ila alikataa njia mbili rahisi: ya kusema Yesu aliigiza kutojua, na ya kusema umungu uliwekwa pembeni kwa miaka 33. Huku kwetu anakumbukwa zaidi kwa ugomvi wa Kikuyu wa mwaka 1913, juu ya ushirikiano na makanisa ya Kiprotestanti, na kwa hotuba ya London ya mwaka 1923 alipowaonya Waanglikana wenzake kwamba ibada yao kwa Yesu aliye kwenye sakramenti ni bure kama hawamhurumii aliye kwenye vibanda vya maskini. Hotuba hiyo na kitabu kile ni kitu kimoja. Aliyeamini kwamba Mwana wa Mungu alijibana ndani ya maisha ya mtu mmoja hakuwa na sababu ya kumtafuta mahali palipo juu zaidi.

Roma haikuwa tayari kwa hayo. Juni 1918 Ofisi Takatifu, idara ya Vatikani ya kulinda mafundisho ya imani, ilitamka kwamba si salama kufundisha kuwa roho ya Kristo huenda ilikosa ujuzi walionao watakatifu mbinguni, au kwamba kuna kitu hakukijua tangu mwanzo. Kwa miongo minne hivi jambo likabaki hapo.

Wakati huohuo hamu ya kumfanya Yesu wa kwetu ilikuwa ikifika kikomo chake Ujerumani. Mei 1939, kwenye ngome ya Wartburg mjini Eisenach, makanisa kadhaa ya Kiprotestanti yalizindua taasisi ya kuchunguza na kuondoa athari za Kiyahudi katika maisha ya kanisa. Mkurugenzi wake wa taaluma alikuwa Walter Grundmann, profesa wa Agano Jipya pale Jena. Mwaka 1940 alichapisha kitabu kilichodai kwamba Galilaya ilikaliwa na mchanganyiko wa mataifa, kwa hiyo yaelekea Yesu hakuwa Myahudi. Mwaka huohuo taasisi ikatoa Agano Jipya lililosafishwa dalili za Uyahudi. Hawa hawakuwa wahuni wa mitaani. Walikijua Kigiriki, walikuwa na shahada, na zana walizozitumia ni zilezile za uchunguzi wa historia zilizowapa heshima walimu wao. Baada ya vita Grundmann aliendelea na kazi ya kanisa Ujerumani Mashariki, na vitabu vyake vya kufafanua Injili vikatumiwa na wachungaji kwa miaka mingi.

Wapinzani wa fikra hizo walikuwa wameshajibu miaka mitano kabla, kwa Kristolojia ya juu, inayoanzia kwenye umungu wa Yesu. Azimio la Barmen la Mei 1934, lililoandikwa zaidi na Karl Barth, lilikiri kwamba Yesu Kristo ndiye Neno pekee la Mungu, na hakuna kiongozi wa taifa wa kuwekwa kando yake. Lilihitaji ujasiri. Lakini lisome mwanzo hadi mwisho: Wayahudi hawatajwi hata mara moja. Yesu wa Barmen ni Bwana wa wote, ila Galilaya yake haionekani, na kwa sababu haionekani, azimio halikuweza kusema lililohitaji kusemwa kuliko yote mwaka ule. Dietrich Bonhoeffer alikaribia zaidi. Katika mihadhara yake ya Berlin ya mwaka 1933, ambayo tunayo kupitia madaftari ya wanafunzi, aliwataka waache kuuliza Mungu na mtu wanaungana vipi ndani ya Yesu, wamwulize Yesu mwenyewe: wewe ni nani? Alinyongwa katika kambi ya Flossenbürg tarehe 9 Aprili 1945, akiwa na miaka 39.

Somo la Eisenach liliwaingia wasomi taratibu. Rudolf Bultmann, mwanateolojia aliyesikilizwa kuliko wote miaka hiyo, alishikilia kwamba imani inahitaji habari ya msalaba inayohubiriwa. Kumchimba Yesu wa historia hakuiongezei chochote. Mwanafunzi wake Ernst Käsemann, mchungaji aliyewahi kuwekwa ndani na Gestapo mwaka 1937, alimpinga hadharani mwaka 1953: Kristo anayehubiriwa bila Yesu wa Nazareti anaweza kujazwa kitu chochote. Alikuwa ameona alivyojazwa. Miaka 24 baadaye binti yake Elisabeth aliuawa na wanajeshi waliokuwa wakitawala Argentina.

Rahner naye alirudi kwenye swali la ujuzi mwanzoni mwa miaka ya 1960, na hapa ndipo Wakatoliki walipovuka mto. Kila mtu, alisema Rahner, ana namna ya kujijua iliyotangulia maneno. Mtoto anajua kwamba yupo kabla hajaweza kusema mimi. Yesu alikuwa na ujuzi wa namna hiyo juu ya uhusiano wake na Baba, ukiwa chini kabisa ya fahamu zake. Lakini kuutamka, kuuelewa, kuuweka katika lugha ya Kiaramu na maandiko ya Kiyahudi, kulimchukua maisha mazima. Na kutojua hakukuwa aibu. Mtu anayejua kila kitu mapema hawezi kuamua kwa uhuru wala kujitoa. Kutojua kesho ni sehemu ya ukuu wa binadamu aliye huru. Kwa hoja hiyo Marko 13:32 iliacha kuwa aya ya kutetewa, ikawa aya ya kushukuriwa. Mwaka 1985 Tume ya Kimataifa ya Teolojia, chombo cha Vatikani chenyewe, ilitoa waraka uliokiri kwamba Yesu aliujua uhusiano wake na Baba na utume wake, bila kujiingiza kwenye hesabu ya mambo mengine yote aliyoyajua au asiyoyajua. Ukiuweka kando ya tamko la 1918, unaona umbali uliotembewa.

Jürgen Moltmann, aliyeanza kuisoma Biblia akiwa mfungwa wa vita, alikwenda mbali zaidi mwaka 1972: kilio cha msalabani kilimgusa Mungu mwenyewe, Baba akaumia kwa kumpoteza Mwana. Wengi walivutwa. Mimi nabaki na wasiwasi kwamba Mungu anayeumia pamoja nasi hajaeleza bado atatutoaje.

Uyahudi wa Yesu ulirudishwa kwa sehemu kubwa na watu wasio wa kanisa. Geza Vermes, aliyezaliwa Hungaria katika familia ya Kiyahudi, akapoteza wazazi wake katika mauaji ya Wanazi, akawa padri kisha akarudi katika Uyahudi, alichapisha kitabu juu ya Yesu Myahudi mwaka 1973. E. P. Sanders akafuata mwaka 1985 kwa kuonyesha jinsi picha ya Mafarisayo iliyozoeleka mimbarini ilivyokuwa kichekesho kibaya. Marekani, wasomi wa Jesus Seminar wakawa wanapiga kura kwa shanga: nyekundu kwa neno ambalo Yesu hakika alilisema, ya waridi kwa linaloelekea, ya kijivu kwa lenye shaka, nyeusi kwa lisilo lake. Mwaka 1993 wakatangaza kwamba asilimia 18 tu ya maneno yake katika Injili ndiyo yake. Magazeti yalifurahi. Yesu waliyebaki naye, mtoa methali asiyengoja mwisho wowote wa dunia, ndiye yule ambaye Schweitzer angemwambia kila mmoja wao amejichora.

Kilichowashangaza wengi kilitoka upande mwingine. Ilidhaniwa kwamba umungu wa Yesu ulikuwa zao la Wagiriki, uliopandishwa daraja kwa daraja kadiri kanisa lilivyotoka Palestina. Martin Hengel, kisha Larry Hurtado katika kitabu chake kikubwa cha mwaka 2003, walionyesha kwamba Yesu aliimbiwa na kuombwa mapema mno, ndani ya miaka 20 hivi baada ya kufa, na waliofanya hivyo walikuwa Wayahudi wasiokubali kumwabudu yeyote ila Mungu mmoja. Tazama tena Wafilipi 2: magoti yanayopigwa kwa jina la Yesu ni yale ambayo Isaya 45 inasema yatapigwa kwa Bwana peke yake. Paulo anaandika hivyo kabla Injili yoyote haijaandikwa. Hurtado hakuwa akithibitisha kwamba waliomwabudu walikuwa sahihi. Historia haiwezi hilo. Ila ile ngazi ya kupandishwa cheo imevunjika, na anayeitumia leo, kanisani au kwenye mhadhara, ana kazi ya kuijenga upya.

Kabla ya hapo, mwaka 1977, John Hick na wenzake sita walikuwa wametikisa Uingereza kwa kitabu kilichouita umwilisho kisasili. Nia ya Hick ilikuwa ya heri: aliishi Birmingham kati ya Waislamu, Wahindu na Masingasinga, akaona vigumu kuamini kwamba Mungu alijitoa kikamilifu mahali pamoja tu. Waislamu waliokinunua kitabu hicho kwa furaha wangekisoma vizuri wangeona kwamba shoka lake linawafikia nao, maana dini yoyote inayodai neno la mwisho haiponi.

Huku hayo yakiendelea, mambo mengine yalitendeka bila kelele. Tarehe 10 Mei 1973 Papa Paulo wa Sita na Shenouda wa Tatu wa Wakopti wa Misri walitia saini ungamo la pamoja juu ya Kristo, na tarehe 11 Novemba 1994 Papa Yohane Paulo wa Pili akafanya vivyo hivyo na Mar Dinkha wa Nne wa Kanisa la Waashuru, waliokuwa wakiitwa Wanestori tangu Mtaguso wa Efeso, mwaka 431. Pande zote zilikubali kwamba zilikuwa zikikiri imani moja kwa maneno tofauti. Miaka 1,500 ya kulaaniana ilimalizwa kwa karatasi chache. Sielewi kwa nini vyuo vyetu vinamfundisha Hick na kuuruka mwaka 1994.

Amerika ilileta swali lingine: Yesu huyu mtu, ni mtu wa nani? James Cone, mwana wa Arkansas, aliandika mwaka 1975 kwamba Yesu ni mweusi, na walioishia kucheka hawakusoma sababu yake. Ni mweusi kwa kuwa alikuwa Myahudi: Mungu aliwachagua watumwa wa Misri, akazaliwa kati ya watu wanaotawaliwa na Roma, na katika Marekani nafasi hiyo ni ya watu weusi. Tofauti na Grundmann iko hapo hapo. Grundmann alimfuta Myahudi ili ampate Mjerumani. Cone bila Myahudi hana hoja. Huko El Salvador, Jon Sobrino aliandika juu ya Yesu aliyeamini, aliyemtumaini Mungu gizani kama sisi. Tarehe 16 Novemba 1989 wanajeshi waliingia chuoni kwake San Salvador wakawaua Wajesuiti sita aliokuwa akiishi nao, mpishi wao na binti yake. Sobrino alikuwa Thailand akifundisha Kristolojia. Tangazo la Roma la mwaka 2006 juu ya vitabu vyake halikumpa adhabu, lakini moja ya makosa lililoyaorodhesha ni hilo la kumfanya Yesu mwamini, wakati Mwana, lilisema, alimwona Baba moja kwa moja. Mwaka 1918 haukuwa umekufa.

Na Afrika? Padri Charles Nyamiti, aliyezaliwa Tabora mwaka 1931 na kufundisha miaka mingi kwenye Chuo Kikuu cha Kikatoliki Nairobi, alitoa mwaka 1984 kitabu kinachomwita Kristo Mhenga wetu, kaka aliyetutangulia. Nyamiti hakuwa mtu wa mihemko. Alianza kwa kuorodhesha mhenga ni nani kwa watu wetu: ana undugu nasi, kifo kimempa hadhi ya utakatifu na ukaribu na Mungu, ni mpatanishi, ni kielelezo cha mwenendo, ana haki ya kukumbukwa na kuzungumzwa naye mara kwa mara. Kisha akaonyesha jinsi kila sharti linavyotimia kwa Kristo kupita kiasi, na hakuishia hapo: akalipeleka wazo hadi ndani ya Utatu, Baba akiwa kama mhenga wa Mwana. Bénézet Bujo, Mkongo wa Ituri, alimwita Yesu Mhenga wa Kwanza, akiwa na jicho kwa watawala wa Afrika huru waliokula uhai wa watu badala ya kuulinda kama wahenga walivyopaswa.

Mapingamizi yalikuja mapema. Jamii nyingi zinadai mhenga awe amekufa vizuri, katika umri mkubwa, akiacha watoto. Yesu alikufa kijana, bila mtoto, kwa kifo cha laana. Wafuasi wa Nyamiti husema hapo ndipo Injili inapougeuza utamaduni, na nadhani wana haki. Pingamizi la pili ni la Jean-Marc Ela wa Kamerun, aliyeishi na wakulima wa kaskazini mwa nchi yake: mtu ambaye ghala lake ni tupu hahitaji kwanza somo la mila zake. La tatu ni la waumini wenyewe. Diane Stinton alipohoji watu Kenya, Uganda na Ghana, kwa kitabu kilichotoka mwaka 2004, alikuta jina la mhenga likiwatia wengi mashaka, hasa waliofundishwa tangu utoto kwamba wahenga ni mizimu ya kuachana nayo. Mganga, rafiki, mkombozi yalipokelewa kwa urahisi zaidi. Wanawake walikuwa na la kwao: Sista Anne Nasimiyu-Wasike wa Kenya alimwona Yesu kama mama anayelea uhai, na kule Ghana Afua Kuma, mkulima na mkunga asiyejua kusoma, alimsifu kwa Kitwi kama mwindaji na mfalme wa msitu mkubwa, kwa sala zilizokuja kuchapishwa mwanzoni mwa miaka ya 1980.

Ukiyapanga majina hayo, mhenga, mganga, mwindaji, pamoja na ya chifu na mkuu wa jando yaliyopendekezwa na wengine, unaona yanachofanana: karibu yote ni ya mwenye uwezo. Mganga anajua ugonjwa, mhenga anajua siri za ukoo, mkuu wa jando anajua kila kitu ambacho vijana hawajui. Kristolojia yetu inajivunia kuanzia chini, kwenye maisha ya watu, lakini imempa Yesu zaidi vyeo vya juu, na mahubiri ya makanisa ya miujiza yameongeza mwendo kuelekea hukohuko. Anayebaki nje ni yule ambaye Luka 2:52 inasema alizidi kuendelea katika hekima, ambaye Waebrania 5:8 inasema alijifunza utii kwa mateso. Weston alimwona kutoka Kiungani zaidi ya miaka 100 iliyopita. Rahner alimpa nafasi. Sobrino alikosolewa kwa ajili yake. Kwa Afrika nadhani kazi ingeanza hekaluni, kwa kijana wa miaka 12 anayewauliza walimu maswali, tukimkatalia Thoma kwa heshima na kukubali kwamba aliuliza kwa sababu alitaka kujua. Katika jamii ambamo mtoto hakai na wazee kuwahoji, Kristolojia ya namna hiyo isingekosa wapinzani.